Nilimlisha Mkwe Muhogo Mchana wa Ramadhani

Kosa ni langu, ndugu zangu. Simsingizii shetani, maana mwezi ule alikuwa amefungwa.

Mimi ni mchoraji wa picha za rangi ya mafuta hapa Bungu, kando ya barabara kuu. Sichori simba wala milima. Natembea na simu, nawapiga picha watu wakifanya mambo yao ya kila siku, mama anapepeta mchele, fundi anaziba pancha, kisha narudi chumbani na kuyachora. Wengi wananicheka kwamba nachora vitu wanavyoviona bure.

Sasa, nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Athumani. Si jina lake la kweli, lakini mtaani kwetu ndiye anayepita na debe kutuamsha tule daku. Binti yake Rehema ameniridhia. Baba akasema jibu atalitoa siku ya Idi.

Nikataka kujipendekeza. Kwenye simu nilikuwa na picha yake ya miezi kadhaa nyuma, amekaa kwenye kigoda, jua la alasiri limempiga, anatafuna muhogo wa nazi kwa raha zake. Nikasema nikimzawadia mchoro huu, nimeoa.

Tatizo lilikuwa nyuma yake. Palikuwa na choo cha mabati, na huwezi kumchorea mkwe choo. Nikapekua simu, nikapata picha ya duka niliyoipiga wiki ile ile niliyokuwa nachora, mlangoni limetundikwa kitambaa kizuri cha kijani. Nikalichora duka lote nyuma ya mzee, pamoja na maandishi ya kitambaa: RAMADHANI KARIM.

Jamani, niliandika herufi moja moja kwa mkono wangu na sikuona kitu. Nilikuwa naona kijani tu. Tena nilichora nikiwa na njaa ya saumu, na nadhani ndiyo maana ule muhogo ulitoka vizuri kuliko uso wa mzee.

Rangi ya mafuta haikauki upesi, na chumba changu hakina hewa. Nikautoa mchoro nje, nikauegemeza ukutani, nikalala. Nikaamshwa na kelele. Jirani yangu, Mama Zena, alikuwa amesimama mbele ya mchoro na kapu.

"Kumbe anatuamsha sie tukale daku, mwenyewe anakula mchana," akasema, na watu wakacheka mpaka wakakumbuka wamefunga.

Haukupita muda mzee akaja mwenyewe, kanzu imenyooka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nitoe muhogo mdomoni."

Nikaufuta pale pale. Lakini mkono ukabaki hewani karibu na meno, kama mtu anayejing'oa jino. Nikamshikisha mswaki wa mti. Mzee akautazama, akaridhika, akaenda zake. Nikajiona bingwa!

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Mwalimu wa madrasa akapita, akainama, akatazama vivuli. Lile duka analijua, upande linaotazama anaujua, na vivuli nilikuwa nimevichora vizuri mno.

"Huyu anapiga mswaki jua limeshapinduka," akasema. "Na amefunga. Ni makuruhu, si haramu lakini haipendezi."

Pakazuka mjadala. Wengine wakasema haidhuru, wengine wakasema mtu wa daku ilimpasa ajue. Mpaka magharibi mtaa mzima ulikuwa unajadili meno ya mkwe wangu. Alfajiri iliyofuata mzee akasusa, debe halikusikika. Nusu ya mtaa tulikosa daku, na kutwa nzima wakanitazama mimi kwa njaa.

Idi ilipofika, mshenga wangu akaenda kuchukua jibu. Alirudi anajizuia kucheka.

"Mzee hajakataa," akaniambia. "Ila kasema mtu aliyemfuturisha mchana kweupe, mbele za watu, hampi binti hivi hivi. Ramadhani ijayo debe utalipiga weye, mwezi mzima, na yeye atalala. Ukimaliza, mtazungumza."

Nikakimbilia kwa Rehema nikidhani atanitetea. Akaniambia baba yake ana haki, kisha akaniuliza kama naweza kuamka mwenyewe. Ninaumia, sifichi. Nampenda yule binti, na mwaka ni mrefu.

Wachoraji wenzangu, picha ikiwa na maandishi, yasomeni kabla ya kuyanakili. Mie ningekisoma kile kitambaa, leo ningekuwa mume wa mtu. Badala yake naangalia debe la mzee limeegemezwa mlangoni kwangu. Kalileta mapema, kasema nianze mazoezi.