Ndege Aliyehamia kwa Nyigu

Nilifunga safari kwa ajili ya send-off, sherehe ya kumuaga bibi harusi Neema, binti wa mdogo wangu aliyeolewa Kinyala, karibu na Tukuyu. Gauni lake nililishona mwenyewe. Lakini kilichonifanya nitangulie siku kadhaa ni video ya hapo kwao ambayo Neema alinitumia kwenye simu: ndege mdogo, kifua cha samawati, ameshika unyasi mrefu mdomoni, anarukaruka tawini akiimba. Huyo namfahamu. Hapa Dodoma tunaishi naye kwenye vichaka vya miiba, ambako anaokota mbegu za nyasi mchangani na hana makuu. Sasa huko kwenye mvua na migomba alifuata nini?

Dodoma niliondoka alfajiri, nikalala Mbeya kwa rafiki. Asubuhi iliyofuata, tulipovuka Isongole, ukungu ulifunika vioo vya gari na mimi nikavaa sweta juu ya sweta. Nilipitiliza hadi Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo, kutafuta zipu ya gauni, kisha bodaboda ikanirudisha Kinyala.

Kinyala nilipokewa na shemeji yangu, baba yake Neema, mkulima wa ndizi na ulezi.

"Ugonile, shemeji! Karibu. Ila pita mbali na kile kichaka, kina nyigu. Jana walimuuma fundi aliyekuwa anafunga turubai la sherehe hapo kando yake. Jioni nakichoma."

Nikasogea hivyo hivyo. Pembeni kabisa ya kiota cha nyigu palikuwa na kiota cha nyasi, cha mviringo, mlango ubavuni. Ndani makinda yalikuwa yanalia.

"Shemeji, usichome! Kuna ndege na makinda yake. Amejenga hapo makusudi. Nyoka na wezi wengine wa mayai wanaogopa nyigu. Hata kwetu anafanya hivyo."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Ajenge kwa nyigu, halafu mimi niwapeleke wakwe wapi? Nyuma ya nyumba? Kule mteremko, mvua ikinyesha ni tope tupu."

Neema alikuwa ameacha kumenya ndizi, anatusikiliza.

"Baba, tuhamishe turubai. Mimi ndiye ninayeondoka hapa. Sitaki jambo la mwisho nitakalolikumbuka la nyumbani liwe hayo makinda yanaungua."

Shemeji alimtazama binti yake. Kiberiti alichokuwa amekishika alikirudisha mfukoni, akaenda kuwaita vijana wang'oe nguzo za turubai na kulihamishia nyuma ya nyumba.

Siku ya sherehe niliamka na kusikia mvua juu ya bati. Nilitamani kujificha. Wakwe walifika, viatu vikazama, na mama mmoja mwenye kitenge cha bei alininunia kana kwamba mvua nimeileta mimi. Kisha spika zikafunguliwa. Wazazi wa yale makinda, dume na jike, wakatua kwenye waya wa umeme, wakakaa, wasiingie kiotani. Nilimfuata mshereheshaji nikamsihi apunguze sauti. Akanionyesha dole gumba na kuiongeza. Nikawaza, tumewakanyagisha watu matope na makinda yatakufa njaa vile vile.

Mvua ilipokatika na jua likatoka, kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini mbele ya nyumba. Watoto wakatimka na sufuria kuwakusanya. Jike akashuka, akadaka mmoja, akaruka moja kwa moja hadi kiotani katikati ya muziki ule. Dume akafuata. Kumbe mla mbegu huyu, akiwa na makinda, anawinda kama mwindaji wa kweli. Nilipiga vigelegele peke yangu, watu wakageuka kunishangaa.

Karibu na kichaka alikuwa amesimama shemeji na fimbo, anazuia watoto wasisogee. Nilimsikia akimweleza mkwe wake: "Amejenga hapo makusudi. Ana akili huyu."

Kesho yake nilirudi kwa gari moja na Neema, ambaye ndoa yake ingefungwa Mbeya. Njiani niliyahesabu akilini yote niliyoyaona. Nilidhani ndege huyu ni wa nchi kame tu. Sasa najua anachohitaji ni mbegu za nyasi, kichaka, na mtu wa kukiacha kichaka kisimame. Pale kwa shemeji, katikati ya migomba na ulezi, kichaka kilikuwa kimoja tu.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni wakati wa kuagana. Neema alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha gari, mlango umefungwa, mama yake analia. Alishusha kioo, akamshika baba yake mkono.

"Baba, usije ukachoma."

"Sichomi, mwanangu," alisema shemeji, machozi yakimtiririka. "Nenda. Hapa kwenu pataendelea kuwa hivi hivi."