Orodha Yangu ya Nyumba za Chai za Nha Trang

Nimekaa na aibu hii miaka kadhaa sasa, na kwa kuwa nasikia huko nje inasimuliwa kwa chumvi nyingi, bora niwasimulie mwenyewe: ndiyo, mimi ndiye yule Mkenya wa mtaa wa Al Sadd, Doha, aliyewalisha wazee watatu wa Muscat uyoga kwa siku kumi, na walichoniomba ni nyama.

Wakati huo nilikuwa mlinzi wa mlango katika hoteli moja ya ukubwa wa kati. Kusimama mlangoni Doha mwezi wa Julai ni kazi ambayo sitaieleza sana (hewa inakujia usoni kama mtu amefungua oveni akasahau kuifunga), ila mjue tu kwamba ndani, hatua kumi kutoka niliposimama, kulikuwa na meza ya kuwasaidia wageni, yenye kiti, kompyuta na ubaridi mtamu, na kwa miaka miwili niliitazama meza ile kupitia kioo kama mtu anayetazama dirisha la mchumba. Basi Mfilipino aliyekuwa akiikalia akarudi kwao moja kwa moja, na Madam Rania, Mlebanoni aliyekuwa mkubwa wa mapokezi, akaniita kando.

"Boni, wewe unajua kuongea na watu. Nakupa wiki mbili za majaribio. Ukifanya vizuri, meza ni yako. Ukiharibu, habibi, mlango bado upo."

Siku ya tatu wakaingia wazee watatu wa Kiomani, kanzu nyeupe, kofia za kudarizi, wanasubiri ndege ya kesho yake. Kiongozi wao aliitwa Bwana Nassor. Akasoma jina langu kifuani, akaniuliza kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka hata nikajisikia kama mwanafunzi ambaye hajafanya kazi ya nyumbani.

"Kijana, wewe mtu wa wapi?"

"Bungoma, mzee."

"Huko sikujui. Mimi nimezaliwa Unguja. Haya, nisikilize mwanangu. Tunakwenda Vietnamu, mji wa Nha Trang, kununua udi. Siku kumi. Wenzetu waliotutangulia walikula biskuti za begini mpaka wakarudi. Sisi tunataka pa kula. Nyama ya halali, na chai nzuri. Majani usinipeleke, mimi si mbuzi."

Jibu sahihi lilikuwa maneno mawili tu: nitauliza, mzee. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kiti, na kiti kina ulevi wake, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nha Trang? Nimefika pale. Niachie mimi." (Vietnamu sikuwahi kuikaribia zaidi ya kuwafungulia mlango watu wanaokwenda.)

Nikafungua kompyuta, nikaanza kutazama picha za mitaa ya mji ule. Picha baada ya picha, kibao baada ya kibao, neno lilikuwa moja: chay. Quán chay hapa, cơm chay pale. Sasa niambieni ninyi, mtu aliyelelewa Kenya, akaja Ghuba ambako Mhindi akitaka chai anasema chai, na Mwarabu chai, na Mnepali chai, akiona neno hilo juu ya mlango wa mkahawa atafikiri nini? Nikajiambia, kumbe dunia ni ndogo. Nikatazama sahani: vipande vya kahawia vimeng'aa kwa mafuta, vimenyunyiziwa ufuta, na hakuna dalili ya nguruwe popote. Nikasema Mungu ni mwema, nikachagua mikahawa saba.

Ningeishia kwenye majina na mitaa, labda ningesameheka. Lakini mimi ni mtu wa riwaya, mnanijua, nikipewa karatasi tupu sijizuii. Chini ya kila jina nikaweka maelezo. Nakumbuka moja: "Hapa chai huchemshwa taratibu mpaka maziwa yashike rangi ya mchanga uliolowa, na nyama hulainika hata jino likakosa kazi." Madam Rania akatafsiriwa maneno yangu, akaguswa, akasema kila mgeni anayekwenda huko apewe nakala. Nikampigia mama simu nikamwambia sasa nafanya kazi nimekaa. Jumapili kanisa zima likajua.

Wazee walirudi siku ya kumi na nne, siku yenyewe ambayo barua yangu ya kazi ilikuwa mezani ikisubiri sahihi. Saa sita mchana, ukumbi umejaa watu na masanduku. Bwana Nassor alikuwa amepungua. Mkononi ameshika ile karatasi, imekunjika kama imelaliwa.

"Yuko wapi mtunzi?" aliuliza.

Nikasimama. "Karibuni, mzee. Safari ilikuwaje?"

"Safari! Siku ya kwanza nampa mwenyeji wetu, muuza udi, tunayeelewana naye kwa vidole tu, karatasi yako. Nakuta anaisoma yote, saba kwa saba, halafu ananiinamia, mkono kifuani. Heshima ile sijaipata hata kwa watoto wangu! Toka hapo kila mlo tofu ya soya, uyoga, majani. Kwake nyumbani tofu. Naletewa kuku, kuku ana paja, ana ngozi, namega, kuku soya!"

Wenzake wakaitikia kwa kichwa, kama wafiwa.

"Siku ya tano tunapita mtaa wa samaki, samaki wanachomwa, harufu inaniita kwa jina langu na la baba yangu, mwenyeji ananivuta mkono tupite haraka, eti nisikwazike!"

Hapo pia ningeweza kunyamaza. Lakini nilitaka kuokoa kitu, hata kidogo, nikauliza, "Lakini mzee, chai yao je?"

"Chai ipi?"

"Si zote ni nyumba za chai?"

Madam Rania alikuwa amesogea. Bwana Nassor akamweleza yote kwa Kiarabu, na sasa nusu ya ukumbi ikaelewa. Wakati huohuo Lan, dada mmoja wa Kivietnamu wa chumba cha kufulia, alikuwa akipita na toroli la mashuka. Miaka miwili tulikuwa tunasalimiana, sikuwahi kumuuliza lolote. Madam akampa karatasi, asome.

"Chay," akasoma Lan. "Chay. Chay." Akafika ya saba, akawatazama wazee kwa upole. "Samahani, mmoja wao ni mtawa?"

Akatueleza kwamba kwao chay ni chakula kisicho na nyama, cha watawa na cha siku za ibada, na chai ina jina lingine kabisa. Halafu akajifunika uso kwa shuka, mabega yakitikisika, na ukumbi wote ukamfuata. Aliyecheka wa mwisho na kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Bwana Nassor. "Walahi hata mimi nilisoma chai! Siku kumi nakaa naisubiri!"

Madam hakucheka. "Boni, umewahi kufika Nha Trang?"

"Hapana, Madam."

"Na haya maziwa ya rangi ya mchanga?"

"Nilitunga."

"Wageni hawashibi utunzi," akasema, akaichukua ile barua.

"Binti, usimfukuze," Bwana Nassor akamwambia. "Tumbo langu halijatulia hivi tangu ujana."

"Simfukuzi, mzee. Namrudisha mlangoni."

Saa nane nilikuwa juani, nimevaa sare yangu ya zamani, nikiwafungulia mlango watu walioniona nikianguka. Mama nilimwambia ukweli baada ya wiki tatu. Kanisani, mpaka leo, nadhani bado nimekaa.

Wiki iliyofuata nilishuka chumba cha kufulia na daftari, nikamuuliza Lan, kwenu mtu akitaka kula nje aende wapi? Alifikiri sana, akikunja taulo. "Mikahawa siijui," akasema. "Sisi tulikula kwa shangazi yangu, kando ya barabara. Ana viti vitano vifupi vya plastiki. Hana kibao."

Tangu siku hiyo sijamwelekeza mtu mlango ambao sijaupita mwenyewe. Na katika riwaya zangu, mhusika akishikwa na njaa ugenini, namwacha na njaa yake mpaka nipate mwenyeji wa kumuuliza.