Kiti Kinachotazama Ukuta

Kila Alhamisi baada ya masomo, kinyozi alifunga duka, akatia mashine na kitambaa mkobani, akaenda shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa amewaomba watu wazima wa mtaani wawe karibu na wavulana waliokuwa mguu ndani, mguu nje, kila mmoja na kijana wake. Wengine walikuja na nasaha. Yeye, katika stoo ya madawati mabovu, aliweka kiti kikitazama ukuta, bila kioo. Alikwisha kuona kwamba kijana akijitazama usoni hufunga mdomo.

Kijana wake alikuwa mrefu, mkimya, mwepesi wa ngumi. Wenzake walimwita Nguzo. Kwa muda mrefu alijibu kwa kuguna tu. Kisha siku moja, macho ukutani, akasema baba yake hakusafiri kikazi kama watu walivyoambiwa. Yuko gerezani, kesi haijaisha. Kila Jumamosi yeye na mama yake hupanga foleni langoni na nguo za baba, alizozipiga pasi yeye mwenyewe. Kinyozi hakuuliza neno. Alimpangusa nywele shingoni, na njiani alijiona kama mtu aliyekabidhiwa yai.

Lakini dukani kwa kinyozi maneno hayalali. Anayeketi kitini hutarajia habari, na kinyozi bubu hufuga nzi. Mteja mmoja alipowaponda vijana wa siku hizi, wote wahuni, uvumilivu ukamshinda kinyozi. Akamsimulia juu ya mtoto mmoja, jina hakulitaja, anayempigia pasi baba aliye gerezani. Alimsifu kwa moyo wote. Mteja akacheka, akauliza: kumbe yule mrefu wa jirani yangu?

Jumatatu shule nzima ilijua. Mvulana mmoja akamuuliza Nguzo kama baba keshamshikia nafasi huko ndani. Nguzo akamng'oa jino. Mwalimu mkuu akasema Nguzo akikosa Alhamisi hata moja kwa kinyozi, hapo shuleni basi tena.

Alhamisi alikuja, akasimama mlangoni.

"Mzee, ulimwambia nani?"

Kinyozi angeweza kujitetea kwamba hakutaja jina. "Mteja," alisema. "Nilikuwa nakusifu."

"Asante kwa sifa."

Kijana akageuka aende zake. Kinyozi akaketi mwenyewe kwenye kile kiti, akautazama ukuta, akainua mashine juu ya bega.

"Leo uninyoe wewe. Utakavyo."

Mashine ikanguruma, ikapita mara moja tu, kutoka kipajini hadi kisogoni, ikazimwa. Nyayo zikaondoka.

Wiki nzima kinyozi alifanya kazi na mstari ule kichwani. Wateja walivunjika mbavu: wakasema kinyozi hajinyoi, lakini huyu kanyolewa na mbaya wake. Walidai kisa. Yeye, ambaye hakuwahi kumnyima mtu kisa, alisema tu, "Inamisha kichwa, bwana." Mkewe alimsihi aondoe nywele zilizobaki, au basi avae kofia. Alikataa yote mawili.

Alhamisi iliyofuata alikaa stoo, uso ukutani. Kengele ililia, watoto wakapita, uwanja ukanyamaza. Hakugeuka. Hatimaye mlango ukasukumwa.

"Yule mteja wako kaniuliza nani alikunyoa hivyo," Nguzo alisema nyuma yake.

"Ukamjibuje?"

"Sikumjibu."

Kijana akachukua mashine. "Inamisha kichwa, mzee."