Chungu cha Wageni wa Donatus

Mwanangu Otmar alipopata kazi kwenye jinari, kiwanda cha kuchambua pamba, nilimshukuru Mungu. Jioni akirudi alinieleza mashine zote, ipi inakohoa, ipi imetulia, kama mtu anayesimulia ng'ombe wake. Mimi niliogopa mikanda ya mashine hizo isimkate mkono. Kumbe wa kuogopwa alikuwa msimamizi.

Donatus huyo. Mfupi, tumbo mbele, suti ya Kaunda imembana kwapani. Mkutanoni wafanyakazi wote aliwaita ndugu. Mkutano ukiisha, anawaita mbwa.

Mvua za mwaka sabini na nne zilipoanza, aliwaamuru vijana wa kiwandani wakamlimie shamba lake Jumamosi. Kwetu ukilimiwa, unapika. Hata bahili anachinja jogoo. Basi akina mama tukaenda kumsaidia mkewe, Apolonia, jikoni. Nyama ilipoiva, Donatus akaja, akafunua chungu, akanusa.

"Hiki cha wageni wangu wa wilayani. Wale wapelekeeni michembe."

Viazi vikavu vya mwaka jana, vimetobolewa na wadudu! Apolonia alitazama chini.

Otmar, jembe bado begani, akauliza kwa adabu, "Mzee, na nyama hii inayonukia?"

Donatus akamzaba kofi mbele yangu. "Imekuita jina? Kula, au Jumatatu usije!"

Nikaona kazi inapotea. "Msamehe, baba," nikasema, "ni mtoto."

Otmar alinitazama mimi, si yeye. Akala.

Jumatatu alikwenda kazini, lakini tangu siku hiyo king'ora cha kutoka kikilia, tayari yuko mlangoni. Mashine ikikohoa, anaiacha ikohoe. Nikimuuliza habari za kazi, ananijibu, "Mshahara utauona, mama." Basi. Kila siku nilingoja wamfukuze.

Baada ya Pasaka Donatus alinikuta nje ya kanisa. Pale, padre akiwa karibu, huwa na adabu ya ajabu.

"Shikamoo, Mama Otmar."

"Marahaba."

"Kijana wako siku hizi mvivu. Zamani alikuwa mtu wa kazi hasa. Sijui nani kamharibu."

Nilimtazama kuanzia viatu hadi ule uso unaong'aa mafuta. Kweli hakujua. Hata kofi lake mwenyewe hakulikumbuka.

Nikamwambia, "Ni wewe, baba."

Akacheka, akidhani namtania, akanipigapiga begani, kisha akamkimbilia padre kumbebea mkoba.