Wanataka niongoze filamu yangu ya nne, na jambazi wameshamchagua

Admin, nifichie jina langu na mji ninaoishi. Hata jina la rafiki yangu nimelibadilisha.

Naandika Jumapili hii, mvua za vuli zikianza, na huu ni mwaka wa kumi na tano tangu niondoke mtaa wa Mowlem, Nairobi. Nyumba tulizopanga zilibomolewa, wenzangu wengi wakasogea mtaa jirani wa Umoja, mimi nikaenda mbali. Nina miaka sabini na mmoja, naishi peke yangu, na siku hizi simu ikilia naiacha iite kwanza.

Nilikuwa mwongozaji wa filamu. Zote zilimhusu shujaa mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma wa Industrial Area ambaye akivaa kinyago chake cha kazi anapata nguvu za kuinua lori. Nilitengeneza tatu. Ya kwanza ilipendwa hadi watoto wakawa wanavaa sufuria usoni. Ya pili ilikuwa aibu tupu. Shujaa alipopaa, kamba ilionekana, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ya tatu ndiyo niliyoipenda. Shujaa anamkamata jambazi, anainua mkono ampige, kisha anavua kinyago na kuketi naye chini, kimya. Watu walitoka kabla haijaisha.

Iliokolewa na mtu mwingine. Mnazijua zile kumbi za video za mtaani, zenye msimulizi anayeongea kwa maikrofoni juu ya filamu. Mmoja wa Eastleigh aliichukua ile ya tatu, na pale nilipoacha kimya akapaza sauti: "Karis, leo ni mwisho wako! Mtaa umekuhukumu!" Akaikata hapo hapo, mkono ukiwa bado juu. Karis halikuwa jina la jambazi kwenye hadithi. Lilikuwa jina la mwigizaji mwenyewe, rafiki yangu anayeuza maji Mowlem kwa mkokoteni, na watu walicheka kwa sababu walimjua. Filamu ikavuma Eastlands nzima.

Majuzi dada yangu Nduku, ambaye bado anaishi huko, alinipigia. "Kaka, kuna vijana wanavaa kile kinyago chako."

Nilifurahi. Nikamwambia kumbe bado nakumbukwa.

"Hawachezi, kaka. Nyumba zimevunjwa sana huku, na wao wanasema wanalinda mtaa. Jana wamempiga mtu mchana kweupe, watu wanashangilia. Hajaamka."

Kabla wiki haijaisha, mkubwa wao akanipigia.

"Niaje, director! Buda, wewe ni legend huku."

"Nani anaongea?"

"Fan wako. Tunataka sehemu ya nne. Lakini hii haina kuigiza, mzee. Jambazi tuko naye."

"Jambazi gani?"

"Si ni Karis! Kila mtu hapa anamjua ni mwizi."

"Ameiba nini?"

"Buda, na si ni wewe ulimshoot akiiba?" Akacheka, na wengine wakacheka nyuma yake. "Camera tunayo. Bila wewe itakuwa tu video ya simu kama zingine. Tunakungoja."

Mpaka leo sijui kama alikuwa akinitania, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Nilipiga simu kituo cha polisi. Afisa akaniuliza, "Mzee, huyo Karis ameumizwa?" Nikasema bado. "Basi akiumizwa utujulishe."

Nikampigia Karis mwenyewe, nikamsihi aje akae kwangu. "Mzee wangu, nikihama watasema mwizi ametoroka," akasema. "Na hao vijana mimi ndiye ninawauzia maji. Wakiniua wataoga na nini?" Akacheka. Lakini Nduku anasema mkokoteni wake umechorwa kinyago kwa chaki, na Karis hathubutu kukifuta.

Yule kijana hupiga kila mara. "Director, unakuja lini?" Mimi humjibu kuwa magoti yananiuma, kuwa mvua ni nyingi, nitaona mwezi ujao. Kila akipiga, anacheka kidogo kuliko mara iliyopita. Naikumbuka sana Mowlem, harufu ya vyuma vikichomwa, mandazi ya asubuhi, watu wakiniita kwa jina langu. Natamani kumshika Karis mkono. Lakini nimeelewa kwamba siku nitakayoshuka pale ndiyo siku watakayoanza. Kinachomweka hai rafiki yangu ni kwamba mwongozaji hajafika. Na sijui subira yao itaisha lini.

Ninyi mlio wa rika la hao vijana, nisaidieni. Nimwambie nini Karis ili akubali kutoka hapo? Na yule kijana akipiga tena, nimjibu nini ili aendelee kungoja? Najua wengi mtaniambia niende nikaongee nao ana kwa ana, kwa kuwa wananiheshimu.

Sitarudi Mowlem.