Gunia la Mzee Lamoussa

Kwa miaka kumi na tisa Talato Nikiema alisaga mitishamba katika maabara moja ya Wagadugu, akaichemsha, akaichuja, akayajaribu maji yake kwenye damu yenye vimelea vya malaria. Mimea zaidi ya mia mbili ilipita mikononi mwake, na karibu yote haikufanya kitu.

Kisha ikaja dawa ya Mzee Lamoussa Toé, mganga wa Kisamo kutoka upande wa Tougan. Konzi moja tu, imetwangwa na kufungwa kitambaani. Talato alipochungulia kwenye hadubini, vimelea vilikuwa vimekufa karibu vyote. Mkuu wa maabara, Daktari Bationo, alifurahi mno, akataka gunia zima.

Gunia likaja. Halikuua kitu. Talato akabadilisha maji, akapunguza moto, akaosha vyombo upya. Safari moja umeme ulikatika, damu ikapoa, vimelea vikafa kabla hata ya kuonja dawa. Baada ya jaribio la nne, Bationo alimuuliza kwa upole kama ana hakika hakukosea mwanzoni. Upole ule ulimuuma kuliko kufokewa.

Akapanda basi mpaka kwa mzee.

"Karibu, mtumwa wangu," mzee akamwambia, maana Wamosi, watu wa Talato, na Wasamo ni watani. "Wamekufukuza mjini?"

"Bado kidogo, mla mbwa wewe. Dawa yako haifanyi kazi."

Mzee hakucheka. "Ile ya kwanza ilikuwa mizizi," akasema. "Gunia la mizizi ningelitoa wapi? Ningeumaliza mmea wote, halafu watoto wa hapa wakiugua niwape nini? Nikawakatia vijiti vya mmea uleule, nikavitwanga."

"Mbona hukusema, baba?"

"Nani aliniuliza? Niliambiwa gunia lijae."

Talato alitaka kukasirika, asijue amkasirikie nani. Karatasi ya kuagizia aliijaza mwenyewe: jina la mmea na uzito tu; sehemu gani ya mmea, hakuandika.

Alirudi na mzizi mmoja. Ukaua vimelea kama mara ya kwanza. Bationo alisoma matokeo, kisha akamwambia kwamba ripoti ya kuufuta mmea ule kwenye orodha ya utafiti ilikwisha kwenda wiki iliyopita, na kwamba mzizi mmoja hautoshi hata kwa panya wa majaribio.

Mzee alikuwa amemwambia mzizi hukomaa kwa miaka mitano. Talato alibakiza miwili astaafu. Hata hivyo alipanda mbegu thelathini alizopewa na mzee kwenye makopo nyumbani kwake. Zikaota mbili. Mche mmoja ukaliwa na mbuzi wa jirani.