Salamu Zilizojaza Kompyuta

Ndoa yangu nusura ivunjwe na salamu. Si fitina, si mahari, si mke mwenza. Salamu! Ukimweleza mtu wa bara jambo hili anacheka. Ukimweleza mtu wa Likoni anauliza, "Kwani walisalimu watu wangapi?"

Kaka yangu mkubwa alikuwa baharia wa meli za mizigo. Baba alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo kaka ndiye aliyekuwa walii wangu: bila neno lake siolewi. Miaka yote aliyokuwa huko majini, Mama alimtumia kaseti za salamu. Redio inawekwa mkekani, watu wa nyumbani na majirani wanaizunguka, kila mmoja anamsalimu kwa zamu. Lakini kaseti zilifika huko nyingine zimeota ukungu, nyingine utepe umetafunwa. Basi alipokuja likizo, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, akaniachia kompyuta ndogo ya kukunja aliyoinunua Dubai. Kitu chepesi, ukikinyanyua unadhani umebeba sinia tupu. Mimi ndiye niliyesomea kompyuta na kufanya kazi ya kupiga chapa ofisini Changamwe, kwa hiyo akanikabidhi mimi. Akaniambia, "Rekodini humu, sauti inakaa safi. Akipita baharia mwenzangu yeyote, mpeni aniletee."

Hakuniambia kwamba kitu chepesi vile kina tumbo dogo.

Nikaposwa. Kijana wa Bofu, fundi wa mafriji, mtu mtaratibu. Mimi namtaka, yeye ananitaka, Mama hana neno. Mwenye neno alikuwa mama yake. Yule bibi alikuwa na pupa, na alikuwa amekwisha kumwekea jicho binti wa nduguye huko Kisauni. Akatuma mtu kusema kwamba kama jibu la walii halijapatikana kabla ya Ramadhani, wao watatazama kwingine. Kwingine! Mimi nilikuwa najua kwingine ni wapi, na hata nyumba naijua.

Baba mdogo akajitolea kuniozesha yeye. Mama akamkatiza, "Mwenyewe yu hai. Yuko baharini, hayuko kaburini." Barua nazo Mama hakuziamini tena, tulizotuma zilikuwa zikimfuata kaka bandari kwa bandari bila kumpata. Simu kaka alipiga anapoweza, dukani kwa Mhindi, na mpaka uitwe ufike imekwisha kukatika.

Mungu si Athumani. Baharia mmoja wa Mtongwe akapata kazi kwenye meli ile ile ya kaka, anakwenda kuipanda Dubai. Akatuahidi kwamba Alhamisi, baada ya Alasiri, atapita kuichukua kompyuta. Nikapumua. Tutamwambia kaka jambo letu, atatoa idhini, nitaolewa, na yule wa Kisauni atafute wake.

Tukakaa mkekani kurekodi. Kwetu mtu mstaarabu haanzi na haja yake. Anaanza na salamu, na jambo huja mwisho, baada ya kila mtu kupata haki yake. Mama akaanza na Bismillahi. Akamsalimu kaka kwa jina lake na kwa jina la utotoni, akamsalimu kwa niaba ya waliokuwepo na kwa niaba ya wasiokuwepo, kisha akamtajia waliofariki tangu alipoondoka, mmoja mmoja, na ugonjwa wa kila mmoja. Akafuata Baba mdogo. Huyo alikohoa kwanza. Alikohoa mpaka nikataka kumletea maji, kisha akaeleza habari za paa la msikiti linavyovuja, upande gani na kwa sababu ya nani. Akafuata jirani yetu, mama mmoja Mgiriama, Mkristo wa kweli, ambaye salamu zake ni sala. Akaiombea meli, akaiombea injini ya meli, akamwombea nahodha na mpishi, akamalizia kwa kuikemea bahari. Mama akaitikia "Amin" kwa sauti kubwa, maana dua ni dua.

Ndipo Mama akakisogelea kile kitobo cha kuingizia sauti, akashusha pumzi. "Ama baada ya salamu, mwanangu, jambo lililotufanya tukuite ni kwamba huyu dada yako—"

Tii! Kompyuta ikaandika kwamba diski imejaa.

"Inasemaje?" Mama akauliza.

"Inasema imeshiba."

"Imeshiba nini na mimi sijasema kitu?"

Kumbe sauti hula nafasi kupita kiasi. Baadaye sana nikaja kuambiwa kwamba ningeweza kuzibana zikawa ndogo, lakini wakati ule nani alijua? Mimi nilijua kupiga chapa. Nikaanza kutafuta cha kutupa. Nikafuta mchezo wa karata. Nikafuta mchezo wa kutegua mabomu, roho ikiniuma, maana ule ndio uliokuwa ukinipitishia Jumapili. Nikafuta picha za mawingu na za maua ambazo sijui nani alizitia. Nikatazama nafasi: ile ile! Wallahi nilitaka kulia. Kuja kuchunguza, mle ndani mna pipa la taka. Unachokifuta hakitoki, kinahamia pipani na kukaa humo kikikutazama.

Mama akaniangalia kwa masikitiko. "Yaani taka za ndani ya nyumba unazitupa ndani ya nyumba? Na skuli tulilipa?"

Nikalimwaga pipa. Nafasi ikapatikana, si haba. "Haya Mama, sema jambo sasa, upesi."

Mama akajitengeneza kanga. "Bismillahi Rahmani Rahim. Mwanangu, assalamu aleikum—"

"Mama! Umekwisha kumsalimu!"

"Nimemsalimu ile mara ya kwanza. Hii si mara nyingine? Nianze tu na jambo bila salamu, kama mtu mwenye kiu anayeomba maji?" Na akaanza upya, na waliofariki, na magonjwa yao, na safari hii akamkumbuka mmoja aliyemsahau mwanzo. Alipofika kwenye "Ama baada ya salamu", tii!

Sasa ikabidi tufute watu. Hapo ndipo nilipojua kwamba faili si faili, ni heshima ya mtu. Nilipotaja sala ya jirani, Mama akanitolea macho: "Dua haifutwi! Ikizama meli je?" Nilipomgusia Baba mdogo, akatabasamu vibaya. Akasema hana kinyongo, nimfute tu, lakini nikumbuke kwamba siku ya kupokea mahari watu wa Bofu watamkuta na yeye amefutika. Nikamwomba Mama apunguze zake, maana ndizo zilizokuwa zimejaza nusu ya diski.

"Mimi nimembeba miezi tisa," akasema. "Hiyo kompyuta imembeba miezi mingapi?"

Nikapiga kelele, nikabembeleza, nikapiga kelele tena, mpaka sauti ikakauka kabisa nikawa nakoroma kama chura. Alhamisi adhuhuri nikapitisha hukumu. Nafuta wote. Nafuta wakubwa na wadogo, Waislamu na Wakristo, ili asibaki wa kulalamika peke yake, halafu kila mmoja atarekodi upya, neno moja na amin. Mama akanuna, lakini akakubali. Akajitanda mtandio akatoka kwenda kuwaita watu.

Nikafuta, nikamwaga pipa, diski ikawa nyeupe pe. Kwa kuwa niko peke yangu nikaona bora jambo lenyewe liingie kwanza, wasije wakalijazia tena. Nikasema kwa sauti yangu ile ya chura: "Kaka, ni mimi. Nimeposwa, na inatakiwa niolewe kabla ya Ramadhani. Baba mdogo yuko tayari kusimama mahali pako ukimpa ruhusa. Tujibu haraka. Habari nyingine za nyumbani utazisikia ukija."

Sijaondoa mkono, hodi! Baharia wa Mtongwe huyo, jasho linamtiririka. Ndege inaondoka mapema kuliko ilivyopangwa, teksi inanguruma barabarani, na feri mstari wake umefika mbali. Nikamwambia asubiri kidogo, Mama yuaja. "Dada, feri haimsubiri mama wa mtu," akasema, akaikunja kompyuta, akaitia kwapani, huyo.

Mama akarudi na kundi zima, jirani amevaa nguo ya kanisani, Baba mdogo amekwisha kuanza kukohoa tangu uani. Wakaukuta mkeka mtupu na mimi. Mama akakaa chini polepole.

"Umempelekea mwanangu neno kavu," akasema. "Neno kavu, bila hata salamu ya mamake."

Siku kadhaa hakunisemesha. Akitaka chumvi anamwambia paka. Nami nikanuna pia, kwani nilikosa nini? Jambo limekwenda, na ndilo lililotakiwa kwenda. Nikawa nashinda nikipita dukani kwa Mhindi kuuliza simu. Hakuna. Mwezi wa Shaabani, wa mwisho kabla ya Ramadhani, ukapita nusu, hakuna. Mama wa yule kijana akatuma mtu kuuliza kama baharia wetu ameshaota magamba. Nikasikia yule wa Kisauni ameanza kununuliwa madoti ya kanga. Nililia, sikufichi, nililia kwenye ndoo nikijifanya nafua.

Asubuhi moja Mama yuko uani juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nachambua mchele. Tukasikia kilio barabarani. Kilio cha mwanamume mzima, kinakuja upande wetu. Milango ikafunguliwa, wanawake wakajitanda kanga, jirani yetu akatoka mbio na mkeka wa matanga kichwani bila kujua anaupeleka wapi. Kilio kikaingia kwetu.

Alikuwa kaka. Ana mkoba begani, macho mekundu, na nyuma yake mtaa mzima. Akanirukia mimi kwanza, akanikumbatia, akasema, "Mlimzika lini? Kwa nini hamkuningoja?"

"Tumemzika nani?" nikamuuliza.

"Nani kafa?" jirani akauliza.

"Nani kafa?" Mama akauliza kutoka juu ya mbuzi, kifuu mkononi.

Kaka akageuka. Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Akaketi pale pale, kwenye machicha ya nazi.

Ndipo nilipoelewa. Kwetu msiba hautumwi kwa mtu aliye mbali. Hatumwambii "mama amefariki". Tunamwambia njoo, mengine utayasikia ukija. Kaka alikuwa ameifungua kompyuta mbele ya mabaharia wenzake akitarajia Mama aanze Bismillahi kama siku zote. Akamkosa. Akamkosa Baba mdogo, akamkosa jirani. Akanisikia mimi peke yangu, sauti imekauka kwa kulia, natafutiwa mume haraka haraka kama yatima asiye na mtu. Angefikiri nini?

Mama alimtazama vizuri, kutoka viatu mpaka kichwani. "Shikamoo iko wapi?" akasema.

"Shikamoo, Mama," kaka akasema akilia.

"Marahaba." Ndipo na yeye akakiachia kifuu, akamvuta kichwa mapajani mwake. "Huyu dada yako kaniua hivi hivi, nami nina nazi ya kukuna."

Watu walicheka mpaka wengine wakakalia ule mkeka wa matanga. Waswahili husema kufa kufaana, na mimi ndiye mtu pekee ninayemjua aliyefaidika na kifo ambacho hakikutokea. Lakini siku ile sikucheka. Mama alikuwa akimpapasa kaka masikio kama mtoto mchanga, na midomo yake inakwenda, anamsalimu. Anaanzia mwanzo, na waliofariki, na magonjwa yao. Kaka ameyafumba macho anaitikia kila mmoja. Na mimi niliyekuwa nikimlaani kwa kula nafasi nikaona kwamba Mama katika kaseti zote zile hakuwa na jambo jingine. Salamu ndizo zilizokuwa jambo lake.

Baba mdogo, mtu wa mambo ya maana, akasubiri zimalizike kisha akauliza juu ya kazi. Kaka akasema ameshuka melini bila ruhusa, na nahodha alimwambia akishuka asirudi. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikituweka mjini sote, na mimi ndiye niliyeipoteza kwa maneno machache ya haraka. Nikaanza kumwomba radhi.

Kaka akanikatiza kwa mkono, bado kichwa kiko mapajani mwa Mama, nywele zimejaa machicha. "Nimepanda ndege kuja kusoma hitima," akasema. "Njia nzima nilikuwa najiuliza nani atakupigia vigelegele. Meli gani tena mnazonitajia? Mwiteni huyo bwana harusi, nimwozeshe mkono kwa mkono, mama yetu angali anasikia."